Treni imechelewa, nauli yangu nitaidai wapi?

Barua tano za mwezi huu zinahusu treni. Nimezitanguliza, za mapishi na za shule za watoto zitangoja toleo lijalo, kwa sababu jambo hili nalijua kwa miguu yangu mwenyewe. Huu ni mwaka wa 19 natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri kwenda kukaa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja hapa London. Nimesimama kwenye majukwaa ya stesheni wakati wa theluji, wakati wa majani yaliyolowa relini, na siku nyingi ambazo hakuna aliyetuambia sababu.

Walioandika wote wanaishi Uingereza, kwa hiyo majibu yangu ni ya taratibu za huku. Majina nimeyaficha, na kampuni za treni walizozitaja nimezifuta.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Kilosa, nina mwaka mmoja na miezi minne huku kwa viza ya kazi ya kea. Nyumba ya wazee ninayofanyia kazi iko mji wa jirani, nakwenda kwa treni, na tiketi yangu ya mwezi ni pauni 320. Mwezi huu nimechelewa mara nne na si kwa kosa langu: mara dakika 22, mara 41, mara 17, na siku moja treni ikafutwa kabisa, nikafika saa moja na dakika 5 baada ya muda. Mzungu mmoja tunayefanya naye zamu akaniambia nidai fidia. Nilipomweleza mume wangu akaja juu. Anasema kwenye viza yetu imeandikwa haturuhusiwi kutumia fedha za umma, tukigusa hata pauni 2 tumejimaliza, tutarudishwa sisi na watoto. Tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Nani mkweli? Na hata kama inaruhusiwa, si aibu kuhangaikia pauni mbilimbili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo anaogopa kwa ajili yenu, na hofu yake ina asili, maana nimewaona watu walioponzwa na mstari mmoja mdogo kwenye viza. Lakini katika hili amekosea. Nakuomba umsomee jibu hili polepole, mkiwa wawili, watoto wakishalala.

Hizo fedha za umma zinazotajwa kwenye viza ni orodha. Imo kwenye kanuni za uhamiaji, na kila kitu kimetajwa kwa jina: Universal Credit, Child Benefit, msaada wa kodi ya pango, nyumba za halmashauri, na misaada mingine ya namna hiyo. Fidia ya treni haimo. Haimo kwa sababu si msaada ambao serikali inampa mtu mwenye kipato kidogo. Ni sehemu ya nauli uliyolipa wewe, inarudi kwako kwa kuwa ulichouziwa hukupewa chote. Tajiri anayepanda daraja la kwanza anaidai, na mwanafunzi anaidai. Mumeo anaweza kukujibu kwamba baadhi ya kampuni za treni zimerudi mikononi mwa serikali. Ni kweli zimerudi, ila mkataba wa tiketi ni ule ule na fidia ni ile ile, na haigeuki kuwa fedha za umma kwa sababu mwenye kampuni amebadilika.

Kinachoweza kukuharibia viza ni uongo. Ukidai treni ambayo hukupanda, au ukatumia tiketi ya shoga yako, au ukadai safari moja mara mbili kwa kampuni mbili, huo ni udanganyifu, ni kosa la jinai, na kosa la jinai linaangaliwa ukienda kuongeza viza. Kwa hiyo dai kilicho chako, kwa tarehe yake na saa yake, basi.

Sasa hiyo aibu. Baba yangu alikuwa karani wa tiketi stesheni ya Korogwe, kuanzia enzi za reli ya Afrika Mashariki hadi miaka kadhaa baada ya jumuiya kuvunjika 1977. Tiketi zilikuwa vipande vya kadibodi ngumu, anavipitisha kwenye mashine ya chuma vinatoka na tarehe. Pembeni kulikuwa na daftari kubwa, kila treni inaandikwa: ilipangwa saa ngapi, imeingia saa ngapi. Nikiwa mtoto nilimwuliza mbona anahangaika na dakika, treni ikishafika si imefika? Akaniambia mtu mwenye tiketi ameuziwa saa pia, hakuuziwa behewa peke yake. Wewe wa Kilosa umekulia karibu na reli, najua unanielewa.

Mimi nami nina daftari langu, dogo, linaingia kwenye mfuko wa koti. Mei 2018, ratiba mpya ilipovuruga treni huku London na kule kaskazini mwa England, tulikaa wiki nyingi hatujui treni ipi inakuja na ipi imefutwa. Baadaye ikatangazwa fidia ya ziada kwa wenye tiketi za muda mrefu walioathirika, hadi thamani ya safari za mwezi mmoja. Nilikuwa na tarehe zangu zote na risiti zangu zote. Jirani yangu, tuliyesimama naye jukwaa lile lile na kunyeshewa mvua ile ile, hakuwa na kitu cha kuonyesha. Alikuwa analea wajukuu watatu peke yake. Jambo lile bado linaniuma.

Mpango wenyewe unaitwa Delay Repay, na kampuni nyingi za treni za Uingereza zinao. Hauangalii sababu. Mti umeanguka relini, dereva hakuonekana, taa za ishara zimekufa, upepo umevuma, vyote ni sawa kwao kukulipa. Wanachoangalia ni umechelewa dakika ngapi kufika mwisho wa safari yako. Angalia hapo: kufika, si kuondoka. Treni inaweza kuondoka imechelewa dakika 20 ikakimbia njiani ikafika imechelewa 10, hapo huna dai. Na inaweza kuondoka sawasawa, ikachelewa dakika 6 tu, lakini dakika hizo 6 zikakukosesha treni ya pili na ukafika nusu saa nzima baadaye. Hapo dai unalo, na ni la hiyo nusu saa, kwa kampuni iliyokuchelewesha mwanzo.

Ukichelewa dakika 15 hadi 29 unalipwa robo ya nauli ya kwenda. Dakika 30 hadi 59, nusu. Saa moja na kuendelea, nauli yote ya kwenda. Saa mbili na kuzidi, nauli ya kwenda na kurudi. Zipo kampuni chache zinazoanzia dakika 30, kwa hiyo soma kwanza ukurasa wa kampuni yako.

Wewe una tiketi ya mwezi, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, wakidhani tiketi ya mwezi haina nauli ya safari moja. Inayo. Tiketi ya wiki wanaigawa kwa 10, ya mwezi kwa 40, ya mwaka kwa 464. Pauni 320 ukigawa kwa 40 unapata pauni 8, hiyo ndiyo nauli yako ya kwenda. Tufanye hesabu pamoja. Dakika 22, pauni 2. Dakika 41, pauni 4. Dakika 17, pauni 2 nyingine. Siku ya treni kufutwa, saa moja na dakika 5, pauni 8 nzima. Jumla ni pauni 16. Nimeandika 16 kwa mkono wangu nikaitazama. Ni mshahara wako wa zaidi ya saa moja, saa ya kumgeuza mgonjwa kitandani na kumlisha uji kwa kijiko.

Muda wa kudai ni siku 28 tangu siku ya safari. Ikipita ya 28 dai limekufa, hata uwe na ushahidi wa gunia zima. Kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi ndipo ukusanye. Hiyo ya kwanza, ya dakika 22, inaweza kuwa imebakiza siku chache tu. Itume leo usiku.

Namna ya kutuma: ingia tovuti ya kampuni iliyokuchelewesha, tafuta neno Delay Repay, fungua akaunti mara moja tu, maana mara ya pili wanakukumbuka. Watakuuliza umetoka stesheni gani, unakwenda stesheni gani, treni ya saa ngapi. Hapa andika treni uliyokusudia kupanda kwa mujibu wa ratiba. Usiandike ile uliyokuja kuipanda. Watu wanakosea hapa kila siku: treni ya 06:48 imefutwa, mtu amepanda ya 07:18, anaandika 07:18, kompyuta inaangalia inaona ya 07:18 ilifika kwa wakati, anakataliwa. Piga picha tiketi yako upandishe. Kama tiketi yako ni ya karatasi, ipige picha kabla ya kuiingiza getini, kwa sababu tiketi ikiisha muda geti linaimeza na hairudi. Kwenye malipo chagua benki. Watakuwekea na vocha hapo, lakini haki yako ni pesa taslimu, na vocha zinasahaulika droo. Wana siku 20 za kazi kukujibu.

Kuhusu meneja kukukata mshahara ukichelewa, hujaniuliza lakini najua ndilo linalofuata. Delay Repay hailipi mshahara uliokatwa. Ipo sheria ya haki za mlaji ya 2015, nayo inagusa treni tangu Oktoba 2016, na kwa hiyo mtu anaweza kuandika malalamiko kudai hasara zaidi ya nauli, ila lazima aonyeshe kwamba kampuni ilifanya kazi yake ovyo, na njia hiyo ni ndefu. Kabla ya kuifuata, mpelekee meneja wako barua pepe ya kukubaliwa fidia kila inapokuja. Ni ushahidi wa mtu wa tatu kwamba treni ndiyo iliyochelewa. Mimi ilinisaidia kwa msimamizi wangu wa zamani kuliko maneno yote niliyokuwa nimemwambia.

SWALI: Habari yako mama. Mimi ni mwanafunzi kutoka Kisumu, nasoma London. Sina tiketi kamwe, mimi hugusa tu kadi ya benki getini, siku zingine hugusa simu. Juzi treni ya chini ya ardhi ilikwama tukakaa ndani ya shimo karibu dakika 25. Nitadai na nini kama sina tiketi?

JIBU: Kadi yako ndiyo tiketi, mwanangu, ila kwanza itambulishe. Fungua akaunti kwenye tovuti ya usafiri wa London, TfL, uiandikishe kadi hiyo. Ukishaiandikisha utaona kila geti ulilogusa kwa mwaka mzima nyuma. Wenye kadi ya Oyster, ile kadi ya nauli ya TfL, wanaona wiki 8.

Treni za chini ya ardhi na zile za DLR, treni nyepesi za mashariki mwa London, zinalipa kuanzia dakika 15, kwa hiyo dakika zako 25 zinatosha. Overground na Elizabeth line, ambazo nazo ni njia za treni za TfL, zinaanzia dakika 30. Wanarudisha nauli ya safari hiyo, na muda ni siku 28 kama kwingine. Kuna tofauti moja kubwa na Delay Repay, nayo usiisahau: kwenye treni za chini ya ardhi TfL wanaangalia sababu. Ikiwa ni tishio la usalama, au mgomo, au abiria ameugua ndani ya behewa, hawalipi.

Na usichanganye simu na kadi, hata kama ni akaunti moja ya benki. Mashine inaziona kama watu wawili. Ukiingia na kadi ukatoka na simu utakatwa nauli ya juu mara mbili na safari yako haitaonekana kama safari moja kamili. Chagua moja ubaki nayo.

Ukitumia kadi hiyo hiyo kupanda treni za kampuni nyingine zisizo za TfL, ndani ya eneo la kugusa, dai kwa kampuni yenyewe. Unapakua orodha ya safari zako kutoka kwenye akaunti ya TfL unawatumia kama ushahidi.

SWALI: Mgomo ukitangazwa na treni yangu ikafutwa, nikaamua kubaki nyumbani, nadai fidia ya asilimia ngapi?

JIBU: Hudai fidia, unadai nauli yote. Fidia ni ya aliyesafiri akachelewa. Asiyesafiri kwa sababu treni yake imefutwa au imechelewa anarudishiwa pesa yake kamili, bila makato, na anaidai kwa yule aliyemuuzia tiketi, hata kama ni programu ya simu na si kampuni ya treni. Ukiamua kusafiri siku hiyo ya mgomo, kuchelewa kwako kutapimwa kwa ratiba iliyotangazwa ya siku ile, si ile ya kawaida. Mwenye tiketi ya mwezi ana utaratibu wake tofauti, niandikie kama ndiyo uliyonayo.

SWALI: Assalaam alaykum bibi. Mimi ni mtu mzima wa Mombasa, nafanya usafi kwenye ofisi. Mjukuu wangu alinionyesha jinsi ya kudai, nami nikajifundisha kuandika saa zote katika kitabu kama ulivyosema toleo moja la zamani. Nimetuma madai matatu peke yangu, yote yamekataliwa. Wanasema treni ninayoitaja haikuchelewa. Mimi nilikuwa ndani ya treni ile! Treni ya saa 12:48 asubuhi, tulikaa njiani zaidi ya nusu saa. Rafiki yangu ameniambia wanatazama majina yetu ndipo wanakataa. Nimevunjika moyo, sitaki tena.

JIBU: Wa alaykum salaam kaka yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilisimama hapo ulipoandika saa 12:48 asubuhi. Naomba ufungue tena yale madai matatu uangalie ulijaza nini kwenye kisanduku cha saa.

Nadhani ulijaza 12:48. Wewe na mimi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, ndivyo tulivyolelewa, na kitabu chako umekiandika sawasawa kwa lugha yako. Fomu yao inahesabu kutoka usiku wa manane. Kwao 12:48 ni mchana, jua la utosi, na inawezekana kabisa treni ya mchana huo ilifika kwa wakati. Treni yako kwao ni 06:48. Jioni ni vivyo hivyo: saa 11:20 yako ya jioni kwao ni 17:20. Kwa saa za asubuhi na jioni ongeza au punguza 6, na ukiona shaka, chukua saa iliyoandikwa kwenye ubao wa stesheni na uiandike kitabuni kama ilivyo, herufi kwa herufi. Ninaandika hivi bila kukulaumu hata kidogo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikosa miadi ya daktari kwa kosa hili hili, na nilikuwa mjamzito.

Madai hayo hayajafa. Kila barua ya kukataliwa ina mahali pa kukata rufaa. Andika sentensi fupi: nilikosea kuandika saa, treni yangu ni ya 06:48, naomba mwangalie tena. Usifungue dai jipya kwa safari ile ile, kompyuta italiona kama dai la pili na kulitupa. Kabla ya kutuma, mwambie mjukuu akufungulie Realtime Trains kwenye simu. Inaonyesha treni ilipangwa kufika saa ngapi na ilifika saa ngapi hasa. Piga picha ya ukurasa huo uiambatishe. Fanya hivyo mapema, siku zikipita nyingi rekodi za bure hazionekani tena.

Juu ya majina yetu. Siwezi kukuambia kwamba ubaguzi haupo nchi hii, nimeuona kwa macho yangu. Lakini dai la kwanza mara nyingi linapitiwa na kompyuta, na kompyuta hiyo inalinganisha saa na saa. Usiiache haki yako kwa neno la rafiki ambaye hajaisoma barua yenyewe.

Na kama utarekebisha saa, ukakata rufaa, bado wakakukatalia bila sababu unayoielewa, basi toka Delay Repay uingie kwenye malalamiko rasmi ya kampuni hiyo. Wakishindwa kukuridhisha, waombe barua inayosema wamefika mwisho. Ukiwa na barua hiyo unakwenda kwa Rail Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya reli aliyeanza kazi Novemba 2018. Hatozi senti. Uamuzi wake kampuni inalazimika kuufuata, wewe hulazimiki, unaweza kuukataa ukienda mahakamani. Kwa treni za TfL unakwenda London TravelWatch, watetezi wa abiria wa London, badala yake. Mwanamke mmoja wa Pemba tuliyesali naye msikiti mmoja alifika hadi hapo kwa pauni 31. Alilipwa, na aliombwa radhi kwa maandishi, na nadhani ile barua ya radhi aliithamini kuliko pesa.

Mtu akikuambia umpe nywila ya akaunti yako akudai kwa niaba yako akate asilimia, mkatalie kwa adabu. Una kitabu, una mjukuu, na kazi yenyewe ni dakika 10.

SWALI: Mambo vipi mama, shikamoo. Nafanya kazi jikoni hotelini, natoka saa 5 usiku. Wiki mbili zilizopita treni ya mwisho ilifutwa tukiwa tumeshaipanda, tukateremshwa stesheni ya kati, giza, baridi, hakuna mhudumu hata mmoja. Nililipa teksi pauni 54. Nimedai Delay Repay nimepata pauni 9. Zile 54 zimekwenda?

JIBU: Marahaba. Pole sana, hali hiyo inatisha, na kwa dada zetu wanaotoka zamu peke yao inatisha maradufu.

Hizo pauni 9 ni za kuchelewa, na umezidai sawasawa. Za teksi ni dai jingine na zina mlango wake. Masharti ya Usafiri ya National Rail, ambayo ndiyo mkataba wa kila tiketi, yanasema abiria akikwama asiweze kumaliza safari yake, kampuni yoyote ya treni iliyo katika nafasi ya kumsaidia itafanya inaloweza kwa kadiri inavyowezekana: kumtafutia usafiri mwingine, na ikibidi mahali pa kulala. Hiyo ni kazi yao, wala si hisani. Andika malalamiko, si Delay Repay. Taja tarehe, treni, stesheni mliyoteremshwa, kwamba hapakuwa na mhudumu, kwamba hapakuwa na treni nyingine hadi asubuhi, na mlikuwa abiria wangapi kwa makadirio yako. Ambatisha risiti ya teksi. Kama ulilipa kwa programu ya simu risiti imo kwenye barua pepe zako, ina saa na njia mliyopita, na hiyo ni bora kuliko karatasi. Kama ulimpa dereva taslimu bila risiti, tuma angalau muamala wa kutoa pesa benki usiku ule, ingawa hapo nguvu yako inapungua.

Kuna jambo moja watakuuliza: uliwaomba msaada kabla ya kukodi teksi? Ndiyo maana nataka kila anayesafiri usiku alijue hili kabla halijamkuta. Kwenye majukwaa mengi kuna nguzo au kisanduku chenye kitufe cha msaada. Kibonyeze hata kama huoni mtu, upande wa pili kuna mtu wa zamu, na wito unarekodiwa. Mwambie uko wapi na mko wangapi, mwulize wanatuma gari au wanakuruhusu ukodi uwaletee risiti. Andika saa uliyobonyeza na jina alilokupa. Kama kitufe kimekufa, kipige picha kikiwa kimekufa.

Kama hukubonyeza usiku ule, sema ukweli kwamba hukujua, na ueleze ulichokiona: giza, hakuna mhudumu, hakuna tangazo. Wakikupa nusu ya zile 54 usikubali papo hapo kwa uchovu. Njia ya Rail Ombudsman niliyomweleza kaka wa Mombasa hapo juu ni yako pia. Wakikujibu, niletee barua yao tuisome pamoja kabla hujatia saini kitu.